Slipingi begi ya mlimani: vinyoya vya bata, sintetiki, au ya kukodi Moshi?

Kila ikikaribia Juni simu yangu hujaa swali lile lile: "Kaka, napanda mlima mwezi wa nane, nichukue slipingi begi gani?" Wengi wanaouliza ni watu wa Dar, Arusha na Nairobi wanaokwenda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, na tayari wana picha mbili kwenye simu. Moja ni ya slipingi ya vinyoya vya bata inayouzwa kwa bei ya pikipiki iliyotumika, nyingine ni ya sintetiki yenye bei ya kawaida. Zote mbili zimeandikwa −10. Wanataka kujua kwa nini moja ina bei mara tatu au nne ya mwenzake, na kama wanaweza kuziacha zote wakakodi tu pale Moshi.

Nimelala ndani ya zote tatu. Nilianza kama mgumu, nikabeba mizigo ya watu kwa misimu minne kabla sijaanza kuongoza, kwa hiyo baridi ya kambi ya Karanga naijua nikiwa na blanketi, nikiwa na sintetiki iliyochoka, na baadaye nikiwa na slipingi ya bata bukini. Ushauri wangu kwa kifupi: anayepanda mara moja akodi, ila ajue kukagua, anayepanda mwaka hadi mwaka anunue ya vinyoya, na anayelala mlimani kwa kazi, usiku baada ya usiku, asiidharau sintetiki. Sababu zake ni hizi.

Usiku unaoipima slipingi

Watu huogopa kambi ya mwisho. Kwa njia ya Machame kambi hiyo ni Barafu, mita 4,673, na jina lenyewe linatosha kumkosesha mtu raha. Lakini hebu hesabu saa utakazolala pale. Unafika mchana, unakula mapema, unaingia hemani saa moja usiku, na saa tano unaamshwa unywe chai uanze kuelekea Uhuru. Ile baridi ya saa kumi na moja alfajiri, ambayo ndiyo kali kuliko zote, inakukuta njiani unatembea. Kazi ya kuikabili ni ya koti na glavu.

Slipingi hupimwa Shira, Barranco na Karanga, kati ya mita 3,850 na 4,000 hivi. Huko unalala kuanzia saa mbili usiku mpaka kunakucha, saa tisa au kumi mfululizo. Msimu wa kiangazi anga likiwa jeupe bila wingu, joto lote la mchana hupaa likatokomea. Ukitoka alfajiri unakuta majani yamevaa weupe wa barafu, na maji yaliyobaki kwenye beseni nje ya hema yameota gamba la kioo juu yake. Kwa usiku wa namna hiyo mimi humwambia mtu atafute slipingi ambayo joto lake la faraja, yaani baridi ambayo bado utalala bila kusumbuka, ni kati ya −7 na −10. Ukiwa nayo, saa zile nne za Barafu utazimaliza vizuri ukiongeza sweta na soksi kavu.

Anayepita njia ya Marangu ana nafuu. Mandara, Horombo na Kibo zina mabanda yenye vitanda na magodoro, upepo haukufikii, na slipingi ya faraja −5 inawatosha wengi hata pale Kibo kwenye mita 4,720. Kinyume chake ni wale wachache wanaolala ndani ya kreta, juu ya mita 5,700. Hao wasibane pesa hata kidogo, watafute faraja ya −15 au chini zaidi. Mlima Kenya, kambi za Shipton's na Mackinder's ziko kwenye mita 4,200 hivi, kwa hiyo zihesabu kama Karanga au kali kidogo kuliko hapo. Anayekwenda kulala Austrian Hut, karibu mita 4,790, ili kesho yake apande kilele cha Nelion, aongeze nyuzijoto tano za akiba.

Kuna jambo moja ambalo watu wa tambarare hulisahau. Slipingi haina moto wake. Inazuia tu joto lako lisitoroke, na mlimani joto hilo ni kidogo kuliko la nyumbani: umechoka, hewa ni nyepesi, chakula hakipiti kooni. Mtu aliyelala bila shida Lushoto au Naivasha akiwa na slipingi fulani anaweza kutetemeka akiwa na hiyo hiyo Shira, hata kama kipimajoto kingesoma sawa.

Hizo −10 mbili hazifanani

Kipimo cha kuaminika kwa slipingi ni ISO 23537, ambacho mwaka 2016 kilichukua nafasi ya kile cha Ulaya kilichoitwa EN 13537. Wanachofanya maabara ni kulaza sanamu la mtu lenye vipasha joto ndani ya slipingi, kwenye chumba cha baridi, na kupima joto linavyopotea. Matokeo hutoka kwa namba tatu. Ya kwanza ni faraja: mwanamke wa kawaida atalala amejinyoosha bila kusumbuka. Ya pili ni kikomo: mwanamume wa kawaida atalala saa nane akiwa amejikunyata. Ya tatu ni ya hatari: mwanamke wa kawaida atavuka saa sita bila kufa kwa baridi, lakini anaweza kutoka hapo na vidole vilivyoungua kwa barafu.

Kutoka faraja hadi kikomo mara nyingi ni nyuzijoto 6 hivi. Kutoka faraja hadi ile ya hatari huzidi 20. Muuzaji huchapa kwa herufi kubwa namba inayompendeza. Kwenye picha mbili nilizotumiwa mwaka jana na dada mmoja, −10 ya slipingi ya bata ilikuwa faraja, na −10 ya sintetiki ilikuwa kikomo, maana yake faraja yake ni −4 tu. Yule dada alikuwa analinganisha slipingi ya Karanga na slipingi ya Horombo akidhani ni ndugu. Soma namba ya faraja, hata kama wewe ni mwanamume, hata kama unajiona una damu ya moto. Kama lebo ina namba moja tu na haisemi ni ipi, chukulia kuwa ni kikomo na uongeze sita.

Mtego wa pili ni Marekani. Slipingi za huko huandikwa kwa Farenhaiti. Lebo ya 20 maana yake ni −7 kwa kipimo chetu, 30 ni −1, na 40 ni nyuzijoto 4 juu ya sifuri. Lebo yenye 0 ni karibu −18, slipingi nzito kabisa ya baridi kali. Nimeona kijana sokoni akiipita slipingi ya 0 kwa sababu alisoma kuwa inafaa mpaka sifuri tu, akaichukua ya 20 akiamini 20 ni kubwa kuliko 0. Angalia herufi iliyo mbele ya namba, F au C, kabla ya kutoa hela.

Vinyoya dhidi ya sintetiki

Bata ana manyoya ya aina mbili. Kuna yale yenye mti katikati, ya mbawani na mgongoni, na chini yake, kifuani hasa, kuna vinyoya visivyo na mti, laini kama malaika wa kwenye mkono wa mtoto. Kimoja kimoja ni kidonge kinachofanana na usufi, na wanaojua mito ya zamani watanielewa haraka. Tofauti ni kwamba usufi ukilaliwa sana husinyaa moja kwa moja, wakati kinyoya cha bata hata ukikishindilia kwenye kifuko wiki nzima, ukikiachia kinaumuka tena kama unga wa maandazi. Katika kuumuka huko kinashika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayokutenga na baridi.

Kuumuka huko kuna namba: 550, 650, 800, mpaka 900 na zaidi. Ni ujazo unaochukuliwa na wakia moja ya vinyoya, yaani gramu 28 hivi. Gramu hizo 28 zikiwa za 800 zinajaza lita 13. Zikiwa za 600 hazifiki ndoo ya lita 10. Vinyoya vya bata wa kawaida kwa kawaida huishia karibu na 700, vya bata bukini aliyekomaa hupanda juu ya hapo. Hapa ndipo bei inapotoka: kadiri vinavyoumuka zaidi ndivyo unavyohitaji gramu chache kupata joto lile lile, na slipingi inakuwa nyepesi na ndogo.

Lakini wengi huchukua namba hiyo wakaifanya kipimo cha joto, na huo ni upotofu. Slipingi ya 850 yenye gramu 400 za vinyoya ni baridi kuliko ya 650 yenye gramu 900. Uliza vyote viwili, ubora wa vinyoya na uzito wake, kisha rudi kwenye namba ya faraja. Uliza pia mchanganyiko: 90/10 maana yake sehemu 90 ni vinyoya na 10 ni manyoya yenye mti. Ikishuka chini ya 80/20 unanunua manyoya, na utayasikia yakikuchoma kupitia kitambaa.

Nikiziweka kando kwa kando slipingi tatu zenye faraja ya kweli ya −8 hadi −10, picha huwa hivi. Ya bata bukini 800 au zaidi ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, ikishindiliwa inakaa kama mkate mkubwa, na ni nadra kuipata chini ya dola 450. Ya bata wa kawaida 600 hadi 650 ina kilo 1.7 hadi 2, na inapatikana kwa dola 250 hivi. Ya sintetiki ina kilo 2.3 mpaka karibu 3, inajaza nusu ya begi kubwa, na bei yake ni dola 120 hadi 200. Juu kabisa kuna kazi za mafundi kama Western Mountaineering wanaoshonea San Jose, California: slipingi yao ya Antelope imeandikwa −15 na ina uzito wa kilo 1.1 hivi. Nimeishika mara mbili mikononi kwa wageni, na kila mara nilidhani kifuko ni kitupu.

Kwa mtu wetu anayenunua kwa hela yake ya jasho, mimi napendelea ile ya katikati, ya bata wa kawaida. Ile nusu kilo unayookoa kwa kupanda mpaka bata bukini inagharimu dola 200 zaidi, na kwa pesa hizo unapata kigodoro kizuri na koti. Bata bukini ninamshauri anayebeba mzigo wake mwenyewe siku nyingi, kwa mfano anayezunguka Mlima Kenya kutoka Sirimon hadi Chogoria bila wapagazi wa kutosha.

Kabla hujalipa, tazama mshono. Slipingi nyepesi za joto dogo hushonwa kitambaa cha juu na cha chini pamoja, na kila mstari wa uzi unakuwa mfereji wa baridi kwa sababu pale hakuna kinyoya hata kimoja. Ya mlimani inatakiwa iwe na vyumba: kati ya kitambaa cha nje na cha ndani kuna ukuta mwembamba wa wavu. Kujua ni rahisi. Bana mstari wa mshono kwa vidole viwili, kimoja nje, kimoja ndani. Kama vidole vinakutana na kuhisi kitambaa tu, imeshonwa moja kwa moja. Kama kitambaa cha nje kinateleza mbali na cha ndani, ina vyumba. Tazama pia kama kuna kola nene ya kufunga shingoni na bomba la vinyoya linalofunika zipu kwa ndani. Bila hivyo viwili, kila ukigeuka joto linatoka kama mvuke wa sufuria lililofunuliwa.

Kuhusu maji, kila mtu amesikia kwamba vinyoya vikilowa vimekufa, na ni kweli: vinashikana mabonge na hewa inakwisha ndani yake. Sintetiki ikilowa inabaki na joto fulani, na inakauka haraka. Teknolojia yenyewe ilizaliwa kwa ajili hiyo, kwani PrimaLoft, mojawapo ya poliesta zinazosifika, ilibuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi la Marekani lililotaka kitu cha kuiga vinyoya lakini kisichoogopa maji. Hata hivyo Kilimanjaro ya Agosti si mvua inayoharibu slipingi. Ni wewe mwenyewe. Jasho na pumzi zako huingia kwenye vinyoya kila usiku, zikikutana na baridi ya nje hugeuka unyevu, na ikifika usiku wa tano slipingi imepungua unene bila tone la mvua kuigusa. Dawa yake ni jua. Ukifika Barranco au Karanga mchana, kabla ukungu haujapanda, igeuze ndani nje uitandaze juu ya hema kwa saa moja. Utaona kwa macho inavyoinuka. Na usiku usizamishe pua ndani: funga kofia ya slipingi mpaka libaki tundu, upumulie nje.

Siku hizi kuna vinyoya vilivyopakwa dawa ya kuzuia maji. Vinachelewa kulowa na vinakauka mapema, ndiyo, lakini havifanyi slipingi kuwa mwavuli. Ninavithamini zaidi kwa Rwenzori. Kule Uganda unatembea kwenye matope na ukungu siku saba, vitu havikauki, jua la kuanika halipatikani. Anayekwenda kilele cha Margherita, au anayepanda Kilimanjaro Aprili katikati ya masika, namwambia wazi achukue sintetiki, au vinyoya vilivyopakwa dawa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hapo bei ya bata bukini haina inachokusaidia.

Upande wa umri, vinyoya vinashinda bila ubishi. Slipingi ya vinyoya iliyotunzwa hufika miaka 15 au 20. Sintetiki kila ikishindiliwa nyuzi zake huvunjika kidogo kidogo, na ikitumika kila wiki, baada ya misimu michache ile −10 imebaki kwenye lebo tu.

Kwa anayejali bata alivyotendewa, tafuta alama ya RDS, iliyoanza 2014. Inathibitisha kwamba bata hakunyonyolewa akiwa hai wala hakulishwa kwa nguvu.

Slipingi ya mgumu

Ninaposikia watu wakibishana vinyoya au sintetiki, mara nyingi anayezungumziwa ni mpandaji peke yake. Lakini slipingi ya mpandaji inabebwa na mtu, na huyo mtu naye analala kwenye baridi hiyo hiyo. Mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20 na unapimwa getini. Slipingi ya kilo 1.5 badala ya kilo 3 ni kilo moja na nusu nzima iliyotoka kichwani au mgongoni mwa mtu kwenye ukuta wa Barranco. Ukiwa na uwezo, hiyo ni sababu nzuri ya kutoa hela ya ziada.

Kwa mgumu mwenyewe hesabu inageuka. Wengi wao hulala hema moja watu wengi, au ndani ya hema la chakula baada ya wageni kumaliza kula. Mvuke wa supu bado umo ndani, turubai linatiririka unyevu, na pumzi za watu wanane zinaongezeka juu yake. Wanashuka Jumapili, wanapanda tena Jumanne. Slipingi ya vinyoya katika maisha hayo haipati siku ya kukauka, na haifuliwi kwa sabuni ya unga kisha ikaanikwa kwenye kamba ya uani. Sintetiki inavumilia yote hayo. Nilipopata hela yangu ya kwanza ya maana niliulizia slipingi ya vinyoya, na mpishi wetu, mtu mzima aliyepanda tangu sijazaliwa, akaniambia, "Mwanangu, chukua ile utakayoifua Jumatatu na kuilalia Jumanne." Nilimsikiliza, na ile sintetiki ya buluu ilinihifadhi misimu mitatu.

Kwa hiyo mpandaji anayetaka kuacha slipingi yake kwa mgumu mwisho wa safari asiwe na wasiwasi kwamba sintetiki ni zawadi ndogo.

Kukodi Moshi

Kukodi kwa safari nzima mara nyingi ni dola 30 hadi 50. Ukilinganisha na ile ya bata ya dola 250, utahitaji safari sita hivi mpaka kununua kujilipe. Anayepanda mara moja maishani hana haja ya kununua. Shida ni kwamba ya kukodi imelaliwa na watu usiowajua, ikatunzwa kwa namna usiyoijua.

Miaka michache iliyopita mgeni wangu mmoja, mwalimu kutoka Mwanza, alikodi kwenye duka ambalo sitalitaja. Lebo ilisema −15. Slipingi ilikuwa imekaa imeshindiliwa kifukoni msimu wote wa mvua, na hakuna aliyeifungua kabla ya kuondoka, mimi nikiwemo. Shira saa nane usiku nikasikia sauti nje ya hema langu, "Kiongozi, samahani, sihisi miguu." Nilipoishika slipingi yake chini ya tochi, vinyoya vyote vilikuwa vimejikusanya pembeni kama matonge ya ugali, na juu ya miguu palikuwa na vitambaa viwili vitupu. Nilimpa yangu, tukamchemshia maji ya chupa akayakumbatia, na mimi nikamalizia usiku kwenye hema la chakula na vijana. Tangu siku ile hakuna slipingi inayopita geti bila kupita mikononi mwangu.

Ninavyokagua ni hivi. Ninamsalimu mwenye duka, "Shikamoo mzee, naomba niifungue hapa hapa," na kama akisita naenda duka la pili. Ninaimwaga kutoka kwenye kifuko, ninaikung'uta mara mbili tatu, ninaitandaza kitandani au juu ya meza, na ninaomba nyingine yenye lebo inayofanana itandazwe ubavuni mwake. Halafu ninakaa robo saa nikinywa chai. Vinyoya vizima vitakuwa vimeinuka. Slipingi mbili zenye lebo moja zikiwa kando kwa kando, jicho halidanganyiki: iliyo juu zaidi ndiyo ya kuchukua, hata kama kitambaa chake kimepauka.

Kisha naiinua ielekee dirishani. Mwanga ukipenya wazi kwenye chumba kimoja, hapo hamna kitu. Nikiona kivuli sawasawa kutoka kofiani mpaka miguuni, nimeridhika. Ninapapasa kila chumba kutafuta mabonge. Ninainusa shingoni na miguuni, kwa sababu harufu ya ukungu haitoki kwa siku sita za mlimani. Zipu ninaipandisha na kuishusha mara tatu kwa mkono mmoja, tena kwa ndani, kama mtu aliyelala. Wanaotumia Diamox, vile vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mlimani, huamka kwenda haja ndogo mara kadhaa usiku, na zipu inayong'ang'ania kitambaa saa tisa usiku ni mateso. Mwisho nalala ndani, viatu nje. Vidole vya miguu visisukume mwisho wa slipingi, kwa kuwa panapobanwa hakuna kuumuka. Saizi ya kawaida humfaa mtu mpaka sentimita 183 hivi. Aliyezidi hapo aombe ndefu. Mfupi naye asichukue ndefu, kwani atalala na shimo la hewa baridi miguuni ambalo mwili wake lazima ulipashe.

Sintetiki ya kukodi inakaguliwa kwa ngumi. Shika fungu, libane kwa nguvu, liachie. Likirudi polepole mpaka likajaa, sawa. Likibaki limelala kama blanketi la bwenini, lirudishe.

Mitumba

Memorial pale Moshi, au Gikomba Nairobi, ukiwa na subira utakuta slipingi ya vinyoya ya maana kwa bei ya jozi ya viatu. Lebo ndogo ya ndani ndiyo ya kusoma. Ya Kijerumani ikiandika Daunen, ya Kifaransa duvet, ya Kiingereza down, hivyo ni vinyoya. Federn, plumes na feather ni manyoya yenye mti. Ikiandika polyester peke yake ni sintetiki, na sintetiki ya mtumba mimi siinunui, kwa sababu hujui imeshindiliwa mara ngapi.

Ya vinyoya iliyosinyaa mara nyingine inafufuka. Uchafu na mafuta ya mwili ndiyo yaliyoishikanisha. Ioshe kwenye beseni kubwa kwa sabuni laini maalumu ya vinyoya, kamwe isiwe sabuni ya unga, maana hiyo hula mafuta ya asili ya kinyoya kikabaki kikavu na kuvunjika. Suuza mpaka maji yawe meupe. Inyanyue kwa mikono miwili kutoka chini, kwani vinyoya vilivyolowa ni vizito na vitapasua kuta za vyumba. Kuikausha ndiyo kazi: mashine ya kukaushia kwa moto mdogo na mipira mitatu ya tenisi ndani, saa kadhaa. Bila mashine ni siku tatu nne za kivuli chenye upepo, ukichambua mabonge kwa vidole kila baada ya saa chache. Nimefufua mbili hivyo. Ya tatu ilikuwa imeshaoza ndani, nikaitupa.

Kilicho chini yako

Vinyoya vilivyo chini ya mgongo vimelaliwa, haviumuki, havikusaidii. Ardhi ya Barafu unaizuia kwa kigodoro. Namba ya kuangalia ni R, kipimo cha kigodoro kinavyozuia baridi ya ardhini: kwa kambi hizi tafuta 4 au zaidi, au weka kile cha povu chini na cha kujaza hewa juu. Slipingi ya dola 600 juu ya turubai tupu inashindwa na ya kukodi iliyo juu ya kigodoro kizuri. Jioni mwombe mpishi maji ya moto, yatie kwenye chupa isiyovuja, ivalishe soksi, iweke miguuni dakika kumi kabla hujaingia, na asubuhi utakuwa na maji ya kunywa ambayo hayajaganda.

Ukishanunua na kurudi nayo nyumbani, usiiache kwenye kile kifuko kidogo. Itoe, iache uvunguni au iningʼinize kabatini ndani ya mfuko mkubwa wa pamba unaopitisha hewa. Kwa wa Moshi na Nairobi hapo kazi imekwisha. Wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar wana adui mwingine, unyevu wa pwani, ambao utaiotesha ukungu ndani ya masika moja. Itoeni kila mwezi mchana wa jua, muitandaze kivulini kwenye upepo mpaka mkiibana isitoe harufu, ndipo muirudishe.